Kiyoyozi cha Gari Kinaposhindwa Kupoza
Gari litokapo Mpanda adhuhuri kwenda Mwese, huweza kutokea jambo la kutatiza: kiyoyozi kilichotoa hewa vuguvugu mjini huanza kupoza tena milimani. Dereva hudhani kimepona. La hasha! Hewa ya nyanda za juu za Mwese ni baridi kuliko ile ya Mpanda, na mtambo dhaifu umepunguziwa kazi tu.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi; huhamisha joto. Kompresa, izungushwayo na injini kwa mkanda, hushindilia mvuke wa gesi ya kupozea hata ukawa moto sana. Mvuke huo hupita katika kondensa iliyo mbele ya rejeta, ukatoa joto lake nje na kugeuka kimiminika. Kimiminika hupenya tundu jembamba, kanieneo hushuka ghafla, nacho huchemka ndani ya ivaporeta nyuma ya dashibodi, kikifyonza joto la hewa ya abiria. Gesi ya R-134a, iliyoenea katika magari tangu miaka ya 1990, huchemka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi chini ya sifuri katika kanieneo ya kawaida ya angahewa.

Uchunguzi wa kwanza wahitaji vipimajoto viwili vya maabara ya shule: kimoja kivulini nje ya gari, kingine kwenye tundu la hewa ndani. Linalopimwa ni tofauti ya vipimo hivyo viwili. Tofauti ikiwa ya nyuzi chache tu, mtambo una kasoro, hata kama abiria waliomo wanaona raha.

Kisha husikilizwa kompresa. Katika magari mengi, swichi ibonyezwapo klachi hulia “tak” na uso wake ukazunguka pamoja na puli. Ikinyamaza, ikaguliwe fyuzi. Ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, mara nyingi gesi imepungua. Gari likipoza katika mwendo wa kasi lakini likashindwa linapopanda kilima polepole, hewa haipiti vya kutosha kwenye kondensa: ama feni imekufa, ama vumbi na mbegu za majani zimeziba mapezi yake. Hapo maji yatiririkayo taratibu hutosha. Maji ya nguvu hupinda mapezi. Injini izimwe kwanza, kwani feni huweza kuanza yenyewe.

Kuhusu gesi, wengi hukosea. Gesi haitumiki kama petroli, ikipungua, imevuja. Kwa kuwa husafiri pamoja na mafuta ya kompresa, penye uvujaji aghalabu huonekana doa la mafuta lililonasa vumbi. Tena, injini ikiwa imezimwa na kupoa, geji husoma takriban baa 6 kwenye nyuzi 27, mtambo uwe umejaa au una kimiminika kidogo tu kilichosalia. Hiyo ndiyo kanieneo ya mvuke ulioshiba, nayo hufuata halijoto, si wingi. Anayejaziwa gesi kwa kusoma geji ya namna hiyo, bila tundu kuzibwa, atalipa tena, na gesi itapaa angani. Kilo 1 ya R-134a huongeza joto la dunia, kwa miaka 100, sawa na takriban kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi. Ndiyo sababu gesi za jamii hiyo ziliwekewa ukomo na Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016.

Viungio vya mabomba visifunguliwe nyumbani kamwe. Kimiminika kirukacho hugandisha ngozi na huweza kupofusha jicho. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye mashine ya kunyonya na kuhifadhi gesi.