Akiba Haiozi: Chakula Kabla ya Mashindano Marefu

Wanafunzi wenzangu, wa leo na wa zamani,

Nataka kuwaelezeni jambo nililojifunza kwa aibu, ili ninyi mlijifunze kwa kusoma tu.

Nilipokuwa mwaka wa tano tulishindana kwa baiskeli, kutoka Kamembe hadi mashamba ya chai ya Gisakura, kando ya msitu wa Nyungwe. Kila kundi lilikuwa na watu wanne, na saa ya mtu wa mwisho ndiyo iliyohesabiwa kuwa saa ya kundi. Mimi nilidhani ya kuwa mwenye tumbo tupu huwa mwepesi mlimani. Usiku wa kuamkia siku ile sikula ila sambaza wachache. Asubuhi njaa iliponishika nikala sahani nzima ya maharagwe, tukaondoka papo hapo. Nilipofika njia panda ya Ntendezi tumbo lilikuwa zito kama jiwe, na miguu haina nguvu hata kidogo. Wenzangu watatu walifika, wakakaa kuningoja. Hawakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Sababu yake ni hii. Vyakula vya wanga, kama viazi vitamu, mihogo, ndizi, ugali na wali, hugeuka kuwa sukari mwilini. Sehemu ya sukari hiyo huwekwa akiba katika ini na misuli, nayo huitwa glikojeni. Ghala hili ni dogo: kwa mtu wa kawaida ni kama gramu 400 au 500, na kwa kazi ngumu huweza kuisha kwa muda wa saa moja na nusu au mbili.

Mwaka 1966 madaktari wawili wa Uswidi, Jonas Bergström na Eric Hultman, walipanda baiskeli moja ya maabara, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka ukachoka kabisa. Kisha wakala wanga kwa wingi siku tatu. Walipopima, mguu uliofanya kazi ulikuwa na akiba kama mara mbili ya ule uliopumzika. Ni wazi basi ya kwamba ghala hujazwa kwa siku, si kwa dakika.

Kwa hiyo shikeni haya:

Kwanza, siku mbili za mwisho punguzeni mazoezi, mwongeze wanga: gramu 8 hadi 10 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wenu. Mwenye kilo 60 atahitaji gramu 480 hadi 600. Robo tatu ya kilo ya mchele wetu wa Bugarama, ukipimwa kabla ya kupikwa, ina karibu gramu 600.

Pili, mashindano yakianza saa tatu asubuhi, kuleni saa kumi na mbili: uji mzito wenye sukari, au viazi vitamu vya kuchemsha na chai. Maharagwe na vyakula vya mafuta mengi hukawia tumboni. Viacheni mpaka jioni.

Tatu, mkienda zaidi ya saa moja, kuleni njiani. Ndizi mbivu mbili kila saa zatosha, wala msingoje njaa. Katika Tour du Rwanda ya mwaka 2020 hatua moja ilianza Rusizi ikaishia Rubavu, zaidi ya kilomita 200. Njia kama hiyo haiendeki kwa chakula cha asubuhi peke yake.

Nne, kunyweni maji kwa kadiri ya kiu. Maji kupita kiasi hupunguza chumvi katika damu, nayo ni hatari.

Tano, msile chakula kigeni siku ya mashindano. Kijaribuni kwanza katika mazoezi.

Mwaka uliofuata nilifanya hivyo. Hatukupata nafasi ya kwanza, lakini safari ile mimi nilikuwa miongoni mwa waliokaa kando ya mashamba ya chai, nikimngoja mwenzangu wa mwisho, na ndizi moja mfukoni kwa ajili yake.