Saa ya Laptopu Imekosea? Pima Kwanza Imekosea kwa Kiasi Gani

Leo tuongelee kitu ambacho wengi tunakiacha kipite: saa ya laptopu. Unaona imekosea, unajisemea "si simu ninayo bwana." Sawa, lakini laptopu ndiyo inayoweka tarehe kwenye ankara zako, ndiyo inayopanga mafaili ya oda. Na ikikosea sana, hata barua pepe haifunguki.

Nikupe mfano wa hapa kwetu Dakawa, ambako wengi tunauza mchele kwa njia ya mtandao. Mwenzangu mmoja alibakiwa na magunia kumi, wateja wawili wamelipa, na kila mmoja anasema yeye ndiye wa kwanza. Oda ya mteja wa Dodoma ilijiandika yenyewe kwenye laptopu: jana saa nne usiku. Ya mteja wa Dar aliiandika kwa mkono akiangalia simu: leo saa mbili asubuhi. Kwa kuangalia hivyo, Dodoma kashinda. Kumbe laptopu ilikuwa nyuma masaa 11, na Dodoma alilipa leo saa tatu asubuhi. Kilichookoa ni meseji za miamala, kwa sababu saa iliyomo ndani ya meseji inawekwa na kampuni ya simu, laptopu yako haiigusi. Mzigo ukaenda Dar, yule wa Dodoma akaelezwa, akakubali kusubiri.

Sasa twende kwenye tiba. Kabla hujagusa chochote, weka simu pembeni ya laptopu, linganisha saa na tarehe, andika tofauti. Tofauti ndiyo inayokuambia ugonjwa.

1. Dakika ziko sawa, masaa ndiyo hayalingani (3, 10 au 11)
Hapo ukanda wa saa umekosewa. Tanzania, Kenya na Uganda tuko masaa 3 mbele ya saa ya dunia inayoitwa UTC. Laptopu nyingi za mtumba zinakuja na saa ya pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo iko nyuma yetu masaa 11, na 10 pale wanaposogeza saa zao mbele kipindi cha joto.
Tiba kwenye Windows: bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya saa iliyo chini kulia, chagua mstari wa kurekebisha tarehe na saa, kisha kwenye orodha ya kanda chagua UTC+03:00 Nairobi. Usihangaike kutafuta Dar es Salaam, haimo. Nairobi ndiyo yetu.
Angalizo: usisogeze masaa kwa mkono ukaacha ukanda wa Marekani. Utaona saa imekaa vizuri, lakini laptopu ikijilinganisha na intaneti itarudi kule kule.

2. Tofauti ni masaa 6 kamili
Mara nyingi hapo kuna mtu kaweka saa ya Kiswahili. Saa mbili asubuhi yetu, kompyuta inaijua kama 08:00. Ukiiandikia 2:00, umeiambia ni saa nane usiku. Iache na hesabu yake, wewe toa 6 kichwani. Na ukiahidi mzigo, mwandikie mteja kikamilifu: "saa 4 asubuhi", isiwe "saa 4" tupu.

3. Imepishana dakika chache tu
Laptopu haijajilinganisha na intaneti muda mrefu. Pale pale kwenye ukurasa wa tarehe na saa, washa sehemu ya kujiweka saa yenyewe, kisha bonyeza kitufe cha kulinganisha sasa hivi. Uwe na bando.

4. Kila ukizima inarudi miaka nyuma
Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni kibetri kidogo cha ndani kinachoiendesha saa wakati laptopu haina umeme. Kama betri kubwa nayo imechoka na unategemea waya, umeme ukikatika tu saa imepotea.
Jaribu hivi: weka saa sahihi, zima, chomoa waya, toa betri kubwa kama inatoka, acha hadi asubuhi. Ikirudi zamani, nenda kwa fundi. Kwenye laptopu nyingi ni kibetri cha duara kama sarafu, namba CR2032, volti 3. Namba hiyo ni kipimo: upana milimita 20, unene 3.2. CR2025 ni chembamba, usikubali kubadilishiwa. Baadhi ya laptopu zina kibetri chenye waya, na nyingine mpya hazina kabisa, kwa hiyo fundi afungue aone kwanza ndipo ununue.
Kibetri kilichotoka usikiache mezani. Mtoto akikimeza kinaweza kumuunguza koo ndani ya masaa mawili. Ikitokea, mkimbize hospitali hapo hapo.

Ugonjwa huu wa nne ndio unaofanya tovuti zikatae kufunguka. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Laptopu ikiamini tuko mwaka 2015, inaona cheti bado hakijaanza kazi, inakuzuia. Bando lako halina kosa, rekebisha tarehe.

Mwisho, ukisharekebisha saa, oda za nyuma hazijirekebishi. Chukua zile ambazo mzigo haujatoka, zilinganishe moja moja na meseji za malipo, uandike saa sahihi pembeni. Ni kazi ya nusu saa, lakini inakuepusha kumnyima mzigo mteja aliyetangulia kulipa.

Mtumie na mwenzako anayeuza kwa laptopu ya mtumba.