TUSAHIHISHE MAELEZO: ACHARI YA MGENI

Wanachama wenzangu, tumezoea kusahihisha sentensi za insha. Safari hii tusahihishe sentensi ya kitabu cha maelezo ya programu, kile kinachomwongoza mwandishi wa programu. Kosa lake halipunguzi alama tu, laweza kumwachia mwizi kompyuta nzima.

Programu ikitaka kuhifadhi kitu, tuseme orodha ya matokeo ya mtihani, hukikunja kikawa msururu wa baiti. Baadaye hukikunjua. Katika lugha ya Python kazi hiyo hufanywa na moduli iitwayo pickle, yaani achari. Jina limefaa kweli, maana kitu hutiwa chupani kikakaa. Lakini je, chupa hiyo aliifunga nani?

Tazameni sentensi hii niliyoitunga: "Waweza kukunjua achari ya mtu usiyemjua, mradi uikague baada ya kuikunjua." Kosa ni lipi? Ni hilo neno "baada". Achari ya Python si data tupu. Ni msururu wa amri ambazo kompyuta huzifuata moja moja wakati wa kukunjua, na amri nyingine husema: ita sehemu fulani ya programu, uipe maneno haya. Mtu mwovu akiandika iitwe os.system, ambayo hutuma amri kwa kompyuta yenyewe, akaongeza amri ya kufuta mafaili, jamani, yatafutwa pale pale! Utakagua nini tena? Ni kama kumpekua mgeni aliyekwisha kuiba akaenda zake.

Wenye Python wenyewe walipitia haya. Toleo la 2.2 lilikuwa na vizuizi vya kuifanya pickle iwe salama. Mwaka 2003 Guido van Rossum na Tim Peters walieleza katika waraka uitwao PEP 307 kwamba hakuna aliyewahi kuvikagua kikamilifu, na kwamba vilikwepeka kwa urahisi. Vikaondolewa. Wengine watashangaa, ati kufuli limetolewa mlangoni! Mimi naona walifanya vyema, kwani kufuli bovu humfanya mwenye nyumba alale fofofo.

Basi tuandike hivi: "Usikunjue kwa pickle data ya mtu usiyemwamini, tumia JSON." JSON hubeba maneno, namba, orodha na mengine machache, wala haina amri ya kuita chochote. Hapo "baada" inarudi kuwa sahihi: ukishaisoma, kagua kama kuna mwanafunzi aliyepata 400 kwa 100.

Wapo wanaotia data sahihi ya siri, HMAC. Ni sawa, ila sahihi hiyo huonyesha tu kwamba data imetoka kwa mwenye ufunguo na haikuguswa njiani. Nayo, kumbukeni, hukaguliwa kabla ya kukunjua.

Zoezi: Sahihisha sentensi ifuatayo, ukieleza kosa lake: "Achari hii ni salama kwa sababu nimeletewa na rafiki yangu."