Podikasti za video: kuanza kutazama bila kumaliza bando

Kipande cha sekunde 30 kinapozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kikimwonyesha afisa akizungumzia basari, ubishi huwa umeshika moto kabla ya yeyote kuuliza afisa huyo alisema nini kabla na baada ya hapo. Mara nyingi mkutano mzima uko kwenye intaneti, kwenye chaneli ya taasisi iliyouandaa, na yeyote mwenye simu ya kisasa anaweza kuutazama. Wakazi wengi hawaufikii kwa sababu mbili: hawajui pa kuupata, na wanaogopa bando.

Podikasti ni kipindi kinachotolewa kwa mfululizo kwenye intaneti, ambacho mtu hukifungua kwa wakati wake mwenyewe, iwe alfajiri akikamua ng'ombe au usiku watoto wakishalala. Ya video ni hiyo hiyo, ila ina picha. Jina hilo lilitokea mwaka 2004, pale Mwingereza Ben Hammersley alipoliandika katika gazeti la The Guardian kwa kuunganisha iPod, kifaa cha kusikilizia muziki cha wakati huo, na neno la Kiingereza lenye maana ya kutangaza. Mwaka 2005 Apple iliingiza podikasti kwenye programu yake ya iTunes, na mwaka huo huo YouTube ikaanza. Tangu mwanzo, kilichoitenga podikasti na redio ni kwamba msikilizaji akishakichagua kipindi mara moja, kila toleo jipya humfuata lenyewe.

Hapa Kenya vipo vya kila aina. Vijana wanajua vile vya mazungumzo marefu, kama Mic Cheque na Iko Nini. Mkulima anaweza kuanza na Shamba Shape Up, kilichoanza kwenye televisheni mwaka 2012 na ambacho vipindi vyake viko YouTube. Bunge la kitaifa hurusha vikao vyake, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilirusha moja kwa moja kesi ya uchaguzi wa urais, Wakenya wakawasikia mawakili kwa masikio yao badala ya kusimuliwa. Mabunge mengi ya kaunti nayo yana chaneli. Vikao kama hivyo si podikasti kwa maana kamili ya neno, lakini namna ya kuvifuatilia ni ile ile.

Kufuatilia hakukati kredo

Neno Subscribe lina sifa mbaya. Watu wengi walilijua kupitia zile huduma za ujumbe mfupi zilizokuwa zikiwatumia vichekesho au matokeo ya mpira huku zikikata kredo kila siku, na kujiondoa ikawa kazi. Kwa hiyo mtu akiona kitufe cha Subscribe chini ya video, kidole kinasita. Kwenye YouTube kitufe hicho hakina malipo. Hakigusi kredo wala M-Pesa. Kinaiambia YouTube tu kwamba mtu huyu angependa kuonyeshwa kazi mpya ya chaneli hii. Kinachopaswa kuangaliwa ni kitufe kingine kilichoandikwa Join, ambacho huonekana kando yake kwenye baadhi ya chaneli. Hicho ni cha uanachama wa kulipia kila mwezi, na anayetaka kutazama tu hana haja nacho.

Programu ya YouTube tayari iko kwenye simu nyingi za Android. Kutazama hakuhitaji akaunti, lakini kufuatilia kunahitaji akaunti ya Google, ambayo kwa kawaida ni ile ile mtu aliyoifungua alipoanza kupakua programu kwenye Play Store. Mkazi huigusa alama ya kioo cha kukuzia, huandika jina la chaneli, huifungua, kisha hubonyeza Subscribe. Baada ya hapo huonekana alama ya kengele. Kengele hiyo ina ngazi tatu: kupata arifa za kila video, kupata baadhi tu, au kutopata kabisa. Inafaa kuiwasha kikamilifu kwa chaneli mbili au tatu zenye umuhimu na kuizima kwa zilizobaki, kwa sababu simu inayolia mara ishirini kwa siku huishia kupuuzwa, pamoja na ile arifa moja iliyokuwa ya maana.

Jambo ambalo hata watumiaji wa miaka mingi hawalijui ni tofauti ya kurasa mbili ndani ya programu hiyo. Ukurasa wa kwanza unaofunguka hupangwa na mtambo kulingana na kile unachokisia kitamfanya mtu abaki akitazama. Ukurasa wa Subscriptions, ulio kwenye mstari wa chini, huonyesha chaneli ambazo mtu alizichagua mwenyewe, video mpya ikiwa juu. Anayetafuta kikao cha jana cha kamati ya afya aende huko moja kwa moja. Akipitia ukurasa wa kwanza, atafika kikaoni akiwa ameshapoteza robo saa kwenye vichekesho.

Kujua chaneli ni ya nani

Yeyote anaweza kufungua chaneli, kuweka nembo ya kaunti na kutangaza nafasi za kazi zisizokuwepo. Siku hizi sauti na uso wa mtu anayejulikana vinaweza kuigwa kwa kompyuta hadi ndugu yake akadanganyika. Wengi huamini alama ya tiki iliyo kando ya jina. Tiki hiyo ni msaada, ila ina mpaka wake: YouTube huipokea chaneli kuomba tiki ikishafikisha wafuatiliaji 100,000. Chaneli halali ya bunge la kaunti yenye wafuatiliaji elfu chache haitakuwa nayo, na ukosefu huo hauthibitishi ulaghai.

Njia iliyo imara zaidi ni kuanzia upande wa pili. Mkazi hufungua kwanza tovuti rasmi ya taasisi, ile ambayo anwani yake huishia kwa .go.ke, anwani zilizotengewa serikali, kisha hufuata kiungo cha YouTube kilichowekwa pale. Akishafika, anaweza kuangalia maelezo ya chaneli: ilifunguliwa lini, ina video ngapi, na za zamani zinahusu nini. Chaneli iliyofunguliwa mwezi uliopita, yenye video tatu, zote zikimtaka mtu atume ada ya usajili kwa nambari ya simu ili apate kazi ya kaunti, hiyo ni ya walaghai. Hakuna haja ya kuijaribu ili kuhakikisha.

Hesabu ya bando

Watu huulizana kama video ya saa moja "inakula" kiasi gani, na majibu hutofautiana kwa sababu picha hazina ubora mmoja. Hesabu yenyewe si ngumu. Video inayopita kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, ambayo kwenye kioo cha simu huonekana vizuri kiasi, hutumia megabaiti 450 kwa saa. Ikipanda hadi megabiti 3 kwa sekunde, kwa picha kali ya kufaa televisheni, hutumia megabaiti 1,350, na bando ya gigabaiti 1 huwa imekwisha kabla ya kipindi kufika mwisho. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hutumia chini ya megabaiti 30 kwa saa hiyo hiyo. Yaani kwa bando inayomaliza saa moja ya video ya wastani, mtu angesikiliza mazungumzo kwa zaidi ya saa kumi na tano.

Hapo ndipo kuna akiba kubwa. Mazungumzo mengi hayahitaji picha. Watu wawili waliokaa vitini na vipaza sauti mbele yao hawaongezi chochote kwa kuonekana, hata wakivaa vizuri namna gani. Lakini fundi anayeonyesha namna ya kupogoa mparachichi, au daktari wa mifugo anayeonyesha alama za ugonjwa kwenye kwato, huyo ni lazima aonekane.

YouTube ikiachwa ijiamulie, hupandisha ubora wa picha kila mtandao unapokuwa na nguvu. Kwenye mipangilio ya programu kuna sehemu ya ubora wa video, na humo mtu anaweza kuchagua kando ubora wa kutumia akiwa kwenye data ya simu na wa kutumia akiwa kwenye Wi-Fi. Kuweka ule wa kuokoa data upande wa simu huchukua dakika moja na hubaki hivyo hadi mwenyewe abadilishe. La pili ni kuzima uchezaji wa kujiendesha, ule unaofungua video nyingine ya kwanza ikiisha. Bando nyingi huishia hapo, mwenye simu akiwa amelala na simu ikiendelea kuzungumza peke yake chini ya mto.

Kuna kundi moja lisilofaidi ushauri wa kushusha picha. Mkazi kiziwi anayefuata mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, aliye kwenye kisanduku kidogo pembeni, hawezi kuona vidole vikiwa ukungu. Kwake picha safi ndiyo kipindi chenyewe. Familia, kanisa au kikundi kinaweza kumsaidia kwa kutazama pamoja kwenye televisheni moja mahali penye Wi-Fi, na chama cha wafugaji au cha akina mama kinaweza kufanya vivyo hivyo, bando ya mmoja ikawatosha watu kumi na wawili.

Kwa wanaotaka sauti, YouTube isiyolipiwa ina kasoro: kioo kikizimwa, nayo hunyamaza. Programu za podikasti hazina tatizo hilo. AntennaPod ni ya bure na haina matangazo yake. Kwenye iPhone kuna Apple Podcasts. Spotify, iliyoingia Kenya mwaka 2021, nayo ina podikasti. Zote zina kitufe cha kufuatilia. Uzuri wa AntennaPod ni kwamba inaweza kupangwa ipakue vipindi vipya pale tu simu inapokuwa kwenye Wi-Fi na ivifute vikishasikilizwa, simu isijae. Mwendesha boda anayepita sokoni penye Wi-Fi ya umma asubuhi anaweza kuondoka na vipindi vitatu vya kusikiliza stejini akingoja abiria, bila kutumia data yoyote.

Kuhusu watoto, akaunti ya kawaida ya Google ni ya aliyetimiza miaka 13. Walio chini ya hapo wana programu yao, YouTube Kids, na hata humo mzazi asiache kuchungulia.

Wakati wa kuiwasha kengele

Chaneli ya bunge la kaunti haihitaji kutazamwa mwaka mzima. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe, na tarehe hizo ndizo zinazomwambia mkazi lini masikio yawe wazi. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1. Hati ya mkakati wa fedha hufika bungeni kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, ili yapitishwe kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Kati ya mwisho wa Aprili na Juni ndipo huamuliwa kama barabara ya wadi fulani au zahanati iliyokwama kwenye linta itapata pesa. Mtu akikosa wiki hizo, atakuwa akijadili Agosti jambo lililokwisha kufungwa.

Vikao ni virefu, na hakuna anayetarajiwa kukaa navyo saa nne. Video ikiwa na sura zilizogawanywa chini yake, mtazamaji anaweza kuruka hadi wadi au idara anayoitaka. Ikiwa haina, kuongeza kasi ya uchezaji hadi mara moja na nusu hubadilisha saa mbili kuwa saa moja na dakika ishirini, na maneno bado husikika.

Maoni yanayoandikwa chini ya video yana mahali pake, lakini mkazi asiyahesabu kuwa ameshiriki. Tangazo la ushirikishwaji wa umma hutaja anwani ya kupeleka memoranda, kwa kawaida kwa Karani wa Bunge la Kaunti, pamoja na siku ya mwisho na ukumbi wa kikao. Aliyetazama mjadala anaweza kuandika kwenye barua yake tarehe ya kikao na dakika ambayo ahadi ya zahanati ilitolewa, na atakayeisoma barua hiyo ataweza kuifungua video na kusikiliza mwenyewe.