SOMO LA MWEZI: MBOLEA YA SHAMBANI NA UHAI WA BAHARI



Fungueni Ezekieli 34:18. Nabii awakemea kondoo walionona ambao, wakiisha kunywa, huyavuruga kwa miguu maji yaliyobaki. Wanyonge wa chini hunywa tope.

Mbolea ya chumvichumvi ikichukuliwa na mvua mpaka baharini, haiachi kazi yake ya kukuza mimea. Chukueni chupa mbili za maji ya kidimbwi, moja mtieni chembe chache za mbolea, mziweke juani majuma mawili. Yenye mbolea itageuka kijani. Baharini ukijani huo huziba mwanga, kisha hufa, huzama na kuoza. Na kuoza humaliza oksijeni. Samaki hukimbia. Kome hawezi.

Ndivyo ilivyokuwa Bahari Nyeusi, uingiapo mto Danube. Kufikia mwaka 1990 eneo la kufisha viumbe lilifika kilomita za mraba 40,000 hivi. Baada ya 1991 mashamba ya ushirika ya Ulaya Mashariki yalivunjika, wakulima wakakosa fedha za mbolea, na katika miaka michache eneo lile likapungua sana. Bahari ilipata nafuu kwa ukata wa mkulima! Mimi dawa ya namna hiyo siitaki.

Wadenmark walitafuta njia nyingine. Bunge lao lilipitisha mpango mwaka 1987: samadi ihifadhiwe mpaka majira ya kupanda, mbolea itiwe kwa kipimo, na udongo usiachwe wazi baada ya mavuno. Naitrojeni iingiayo baharini ilipungua kwa karibu nusu, na mavuno hayakuanguka. Ila majani ya baharini yamerudi polepole mno, maana tope la chini hutunza mbolea ya zamani.

Kwetu mto Zigi watoka milima ya Amani, wapita wilaya ya Muheza, wamwagika baharini karibu na Tanga. Mkulima wa juu na mvuvi wa chini hushiriki meza moja ya Bwana, ingawa hawajuani. Mwenye shamba la mteremko achimbe makinga maji. Mbolea aigawe mara mbili, wala asiitie mvua kubwa ikiwa imetanda. Kando ya mto aache nyasi; Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Swali la kujadiliana: mjane mwenye ekari moja tu, na nusu yake imo ndani ya mita hizo 60, sisi wa mtaa wake tumsaidieje?