Usambara kwa baiskeli

Swali: Nina baiskeli ya milimani yenye gia. Je, njia za Lushoto zinamfaa mtu asiye na mazoezi makubwa, na msimu mzuri ni upi?

Jibu: Zinamfaa, ila asianzie Mombo. Barabara ya lami kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita kama 33 za kona na miinuko, na mabasi hayana subira. Afadhali baiskeli ipakiwe juu ya basi, safari ianzie mjini Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari.

Siku ya kwanza Irente inatosha. Ni mwendo mfupi, kisha mlima unakatika ghafla na tambarare ya Mazinde inaonekana chini. Anayetaka zaidi aelekee msitu wa Magamba. Mtae ni safari ya wenye pumzi.

Udongo ndio mtihani. Ni mwekundu, na ukilowa hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Masika, Machi hadi Mei, ni msimu wa jembe, si wa baiskeli. Juni hadi Septemba ni pakavu, ingawa asubuhi vidole hufa ganzi kwenye breki.

Vijia vingi ni vya watu waendao shambani na sokoni, wengi wakiwa na mizigo kichwani. Mwenye baiskeli ndiye apishe.