Kumbukumbu Unayolipia na Kumbukumbu Unayopata: Somo kwa Mkodishaji wa Seva Pepe

Mteja anayekodi seva pepe huahidiwa, kwa mfano, gigabaiti 4 za kumbukumbu. Ahadi hiyo yaweza kuwa na maana mbili: kumbukumbu aliyotengewa yeye peke yake, au kiwango cha juu anachoweza kufikia endapo majirani zake hawakihitaji. Bei hutofautiana kwa sababu hiyo, na mteja anapaswa kujua ananunua ipi.

Namna seva pepe inavyofanya kazi

Kompyuta moja halisi hubeba seva pepe nyingi, na programu simamizi huzigawia kichakataji, diski na kumbukumbu. Hapo awali, mfumo endeshi wa mteja haukujua kwamba u mgeni. Programu simamizi ililazimika kuuigizia vifaa, na kazi ikachelewa. Njia ya paravachualaizesheni huubadilisha mfumo huo ili ujue u mgeni na uombe huduma moja kwa moja. Programu ya Xen, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge na kuelezwa hadharani mwaka 2003, ilionyesha kuwa njia hiyo hupunguza sana ucheleweshaji. Kasoro yake ni kwamba mfumo usioruhusiwa kubadilishwa hauwezi kuitumia.

Mwaka 2005 na 2006, Intel na AMD zilitia katika vichakataji vyao uwezo wa kubeba mifumo isiyobadilishwa. Siku hizi njia hizo mbili huchanganywa: kichakataji hutumia uwezo wake chenyewe, ilhali diski na mtandao hutumia viendeshi shirikishi kama virtio.

Puto ndani ya seva yako

Ushirikiano huo unahusu kumbukumbu pia. Kiendeshi kiitwacho puto kinapotanuka, hushika kumbukumbu ndani ya seva yako, na programu simamizi humpa jirani sehemu hiyo. Kwa kuwa mfumo wako ndio unaochagua cha kuachia, hutoa kwanza kisichotumika. Bila puto, programu simamizi ingehamishia kumbukumbu kwenye diski bila kujua ipi inahitajika, na mwendo ungezorota zaidi.

Tuchukue mfano wa kompyuta yenye gigabaiti 64 iliyokodishwa kwa wateja 20, kila mmoja gigabaiti 4. Jumla iliyouzwa ni 80. Siku za kawaida hakuna anayeona upungufu, na kila mmoja hulipa kidogo. Lakini vyama vya akiba na mikopo vikiwa miongoni mwa wateja hao, wote hufunga hesabu mwisho wa mwezi. Siku ambayo kila mmoja anahitaji fungu lake ndiyo siku ambayo mafungu hayatoshi.

Kabla ya kutia sahihi, uliza:

1. Je, kumbukumbu yote imetengwa kwa ajili yangu, au sehemu tu? Sehemu hiyo ni kiasi gani?
2. Je, puto linatumika, na linaweza kuchukua hadi kiasi gani?
3. Je, viendeshi shirikishi vinapatikana kwa mfumo endeshi nitakaoutumia?

Taka majibu yaandikwe katika mkataba. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

Baada ya kukodi

Katika Linux, amri ya free huonyesha jumla ya kumbukumbu. Iandike siku ya kwanza, kisha ipime tena saa za kazi nyingi. Jumla ikipungua, au kumbukumbu ikijaa bila programu yoyote kuonekana kuitumia, huenda puto limetanuka. Hata hivyo, kumbukumbu iliyohamishiwa kwenye diski na programu simamizi haionekani ukiwa ndani ya seva. Dalili yake ni uzito wa ghafla. Weka rekodi ya tarehe, saa na vipimo, kisha mwandikie mtoa huduma kabla ya kufikisha lalamiko kwa mamlaka husika.

Seva ya kugawana si udanganyifu. Hufaa kwa majaribio na tovuti ndogo. Kwa mishahara, akiba za watu na matokeo ya mitihani, ni heri kulipia kumbukumbu iliyotengwa.